Kutoka Mfongo Hadi Tasnifu: Namna ya Kuwa Mwanasayansi wa Siasa Anayetumia Hisabati, Ukianzia Arusha au Moshi

Kwa nini kaya zinazoishi upande wa juu wa mfongo, yaani mfereji wa asili wa Kichaga, haziji kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji? Ukiuliza swali hilo utajibiwa haraka: ubinafsi, uongozi dhaifu, siasa za kata. Mwanasayansi wa siasa anayetumia modeli za hisabati hajibu hivyo. Anaandika kwanza nani anaamua, ana njia zipi mbele yake, anavuna nini kwa kila njia, na anajua nini wakati wa kuamua. Kisha anakokotoa. Jibu lake linaweza kukosea, lakini likikosea utaona ni mstari upi uliokosea, na hapo ndipo ilipo thamani yote ya kazi hii.

Fani hii ina umri wa kutosha. Mwaka 1785 mwanahisabati Mfaransa Condorcet alionyesha kwamba watu watatu wenye akili timamu wanaweza kupiga kura na kujikuta wanazunguka bila mshindi: A anamshinda B, B anamshinda C, na C anamshinda A. Mwaka 1948 Duncan Black alieleza nguvu ya mpiga kura wa katikati. Mwaka 1951 Kenneth Arrow alithibitisha kwamba, kukiwa na chaguo tatu au zaidi, hakuna kanuni ya kujumlisha matakwa ya watu inayotimiza masharti yote machache ambayo kila mtu angeyaona ya haki. William Riker alifika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, mwaka 1962 na kujenga hapo idara iliyowafunza wanafunzi wa siasa kuthibitisha theoremu, yaani kauli za hisabati zenye uthibitisho. Elinor Ostrom, ambaye uzamivu wake ulikuwa wa sayansi ya siasa, alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kazi kuhusu mali za pamoja: maji, misitu, malisho. Huyu wa mwisho mkae naye karibu nyie wa Kilimanjaro na Meru, kwa sababu karatasi zake zinahusu mali za aina ya mifongo yenu.

Masomo ya sekondari na shahada ya kwanza

Kidato cha Tano ndiko njia inakofunguka au kufungwa. Tahasusi ya EGM (uchumi, jiografia na hisabati) inakufaa zaidi, maana ina hisabati ya juu pamoja na uchumi. PCM (fizikia, kemia na hisabati) nayo inafaa kabisa, siasa utaisoma baadaye. Aliyepita HGL au HKL, tahasusi za historia na lugha, hajafungiwa mlango, ila ana deni la hisabati ambalo lazima alilipe akiwa chuoni, na BAM, somo la hisabati ya msingi, peke yake hailipi deni hilo.

Kwenye shahada ya kwanza watu wengi hukosea namna moja: wanachagua sayansi ya siasa na utawala, wanapata alama nzuri, kisha mwaka wa tatu wanagundua hawajawahi kuandika uthibitisho hata mmoja. Ushauri wetu ni kusoma hisabati, takwimu au uchumi kama shahada, na kuchukua siasa kama masomo ya ziada. Ukishaingia siasa tayari, omba ruhusa ya kukaa kwenye madarasa ya idara ya hisabati na, ikiwezekana, yahesabiwe kwenye nakala ya matokeo yako. Somo lisiloonekana kwenye nakala ya matokeo, kamati ya udahili haiwezi kuliona.

Hisabati unayohitaji ina mpangilio wake. Kalkulasi ya kigeu kimoja, kisha ya vigeu vingi. Aljebra ya mistari. Nadharia ya uwezekano, hasa kanuni ya Bayes ya kurekebisha makisio kwa taarifa mpya, kwa sababu modeli nyingi za siasa zinahusu mtu anayejua jambo na mwingine anayekisia. Uchanganuzi wa namba halisi: mifuatano, seti zilizofungwa, uendelevu, theoremu za nukta tulivu (nukta ambayo kanuni haiihamishi). Halafu nadharia ya michezo, yaani hisabati ya maamuzi ya watu ambao matokeo ya mmoja yanategemea anachofanya mwingine. Usianze na nadharia ya michezo kwa video za mtandaoni ukadhani umefika; utajua mfano wa wafungwa wawili na hutajua kwa nini msawazo wa Nash, hali ambayo hakuna anayefaidika kwa kubadili uamuzi wake peke yake, upo au haupo.

Uchanganuzi ndio unaowaangusha wengi, na sababu yake inajulikana. Shuleni tumezoea kupewa swali lenye jibu la namba. Hapa swali ni "onyesha kwamba", na mwanafunzi anakariri uthibitisho wa mwalimu kama shairi. Dawa yake ni ya jasho: chukua kaunta buku, funika uthibitisho, uandike upya bila kuangalia, na kila mstari andika pembeni sababu yake. Thibitisho mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa miezi minne. Mahali unapokwama mara tatu, hapo ndipo hujaelewa tafsiri ya neno, na karibu kila mara shida huwa kwenye tafsiri, si kwenye ujanja.

Jenga modeli yako ya kwanza kabla hujaomba chuo chochote

Hii ndiyo sehemu tunayoisisitiza kuliko zote. Mwombaji mwenye alama nzuri asiyewahi kujenga modeli hana cha kuonyesha. Tuchukue mfongo, tuufanyie kazi hatua kwa hatua.

Tuseme kaya 20 zinatumia mfereji mmoja. Kwenda kwenye msaragambo kunaigharimu kaya shilingi 10,000, yaani kibarua cha siku iliyopotea. Kila kaya inayokwenda inaongeza maji yenye thamani ya shilingi 2,000 kwa kila mmoja wa wale 20. Kwa kijiji, kila jembe linaleta 40,000 kwa gharama ya 10,000. Kwa mwenye jembe, anapata 2,000 na kutoa 10,000, hasara 8,000. Kwa hiyo kama mambo yanafanyika mara moja tu, hakuna atakayekwenda, wengine wafanye wafanyavyo. Huo ndio msawazo.

Ongeza faini. Kama anayekosekana anagunduliwa kwa uwezekano p na kutozwa f, ataenda ikiwa p mara f haipungui 8,000. Kiongozi anayegundua nusu ya watoro anahitaji faini ya 16,000. Anayegundua wanane kati ya kumi anahitaji 10,000. Hapo tayari modeli imekufundisha jambo la kuuliza kijijini: usiulize faini ni kiasi gani tu, uliza nani anahesabu waliofika.

Sasa rudia msaragambo kila msimu. Weka d kuwa kipimo cha subira, kati ya 0 na 1: thamani ya shilingi ya msimu ujao ikipimwa leo. Wote wakienda, kila kaya inabaki na 30,000 kila msimu. Kaya moja ikitoroka leo inapata 38,000, na tuseme baada ya hapo wote wanaacha, inapata sifuri daima. Kushirikiana kunalipa ikiwa 30,000 ukigawa kwa (1 − d) haipungui 38,000, yaani d isiwe chini ya 8/38, takriban 0.21. Hata watu wasio na subira kubwa wataweza.

Anayeanza husimama hapo akafurahi. Mwenye jicho kali atauliza maswali mawili. La kwanza: kutokwenda kwa wote bado ni msawazo, kwa hiyo modeli haijasema ushirikiano utatokea, imesema unaweza kutokea. La pili: adhabu ya kuacha wote milele ni ya kikatili mno. Kaya moja ikifiwa na kukosa msimu mmoja, mfereji unakufa. Jenga adhabu ya muda, au ya kumnyima maji mkosaji peke yake, kisha tafuta d mpya.

Halafu ingiza kitu ambacho kila mtu wa mlimani anakijua: kaya za juu hupata maji kwanza. Tuseme wao wanafaidika shilingi 500 tu kwa kila jembe, kwa kuwa maji huwafikia hata chini kukiwa kumeziba. Wote wakienda, kaya ya juu inapata 20 mara 500 kutoa 10,000, sifuri. Ikitoroka inapata 9,500. Hapa hakuna d yoyote itakayowaleta. Subira haisaidii, hotuba haisaidii. Lazima kuwe na kitu wanachohitaji kutoka kwa wa chini.

Kitu hicho mara nyingi ni banio, kizuizi kinachoelekeza maji kuingia mferejini. Mvua za masika zikilibomoa, kaya za juu peke yao haziwezi kulijenga upya. Zinahitaji mikono ya wa chini, na wa chini wanadai maji kama malipo. Mwaka 1993 Ostrom na Roy Gardner walionyesha hivyo hivyo kwenye mifereji ya Nepal: mabanio ya kudumu yaliyojengwa na serikali au wafadhili yaliwaondolea wa juu haja ya kuwategemea wa chini, na wa chini wakapata maji kidogo kuliko pale ambapo wakulima wenyewe walikuwa na mabanio ya miti na mawe. Fikiria banio la zege upande wetu kwa modeli hiyo. Hapo una swali la tasnifu, na una utabiri unaoweza kupimwa: linganisha mifereji yenye zege na isiyo nayo, pima maji yanayofika mkiani.

Ukienda kupima, fuata ngazi: barua ya chuo, ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, kisha kamati ya mfereji. Ukiruka ngazi moja utarudishwa kutoka mlangoni, na utakuwa umepoteza nauli na wiki. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iko Moshi, na masuala ya vibali vya kutumia maji ndiko yanakoshughulikiwa.

Aliyeko Arusha mjini ana maabara ya aina nyingine

Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapo, na mkataba wake, uliosainiwa 30 Novemba 1999, unapatikana kwa yeyote. Usome kama mwanahisabati. Maamuzi ya wakuu wa nchi hufanywa kwa maafikiano, yaani kila nchi ina kura ya turufu. Kila nchi mwanachama huchagua wabunge tisa wa Bunge la Afrika Mashariki, iwe na watu milioni ngapi.

James Coleman alipendekeza mwaka 1971 kipimo chepesi cha uwezo wa chombo kuamua: hesabu mchanganyiko wote wa kura za ndiyo na hapana, uone ni sehemu gani inayopitisha hoja. Jumuiya ilipoanza na nchi tatu, mchanganyiko ulikuwa 8, na mmoja tu ulipitisha: asilimia 12.5. Sasa nchi ni nane, mchanganyiko ni 256, na bado ni mmoja tu unaopitisha: karibu asilimia 0.4. Kama kanuni ingekuwa wingi wa kura, tano au zaidi kati ya nane, mchanganyiko 93 ungepitisha, yaani karibu asilimia 36.

Makosa hutokea kwenye kutafsiri. Kipimo hiki kinadhania kila nchi inapiga kura kama sarafu iliyorushwa, bila kujadiliana, na nchi hazifanyi hivyo. Kinaeleza kanuni ilivyo ngumu, hakitabiri hoja fulani itapita au la. Mwanafunzi akiandika "Jumuiya ina uwezekano wa asilimia 0.4 wa kuamua" ameharibu kazi nzuri kwa sentensi moja. Kumbuka pia kipimo cha Shapley na Shubik cha mwaka 1954, kinachopima mgao wa nguvu ya kila mpiga kura, kitakupa 1/8 kwa kila nchi chini ya maafikiano na 1/8 chini ya wingi wa kura, kwa kuwa nchi zote zina hadhi sawa. Kipimo sahihi kwa swali lisilo lake hakikwambii kitu.

Kuandika

Jifunze LaTeX, programu ya kupanga maandishi yenye hisabati, mapema. Ni ya bure, na makala ya modeli iliyoandikwa kwa programu ya kawaida huonekana ya mgeni wa fani. R na Python, za kukokotolea, nazo ni za bure. Pakua kila kitu mara moja ukiwa kwenye mtandao wa chuo, usile bando lako.

Makala ya kwanza iwe na kurasa 15 hadi 25. Swali kwenye ukurasa wa kwanza. Wachezaji, hatua, malipo na taarifa kabla ya ukurasa wa tano. Tokeo moja kuu, na maelezo yake kwa maneno ya kawaida mara tu baada ya theoremu; thibitisho ndefu ziende kiambatanishoni. Kosa kubwa la wanaoanza ni vigeu vingi. Ukiwa na vigeu tisa, kila kitu kinaweza kutokea, na modeli inayoruhusu kila kitu haisemi lolote. Anza na viwili, ongeza kimoja, uone kimebadilisha jibu. Kama hakijabadilisha, kitoe.

Uzamili na uzamivu

Ukiwa na deni la hisabati, uzamili wa hisabati kwanza ni uamuzi mzuri. Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, pale Tengeru, inafundisha uzamili na uzamivu, hisabati ikiwamo. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati yenye vituo Kigali na Muizenberg miongoni mwa vingine, hutoa uzamili wa hisabati kwa ufadhili. Kwa anayetaka kushughulikia vyama vya ushirika, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kilianza kama chuo cha ushirika mwaka 1963 na ndicho mahali pa kuzungumza na watu wanaovijua vyama vya msingi kwa undani.

Uzamivu wa Marekani huchukua miaka mitano au sita, na idara zenye uwezo hulipa ada na posho ya kujikimu. Usikubali kwenda kwa gharama zako. Miaka miwili ya mwanzo ni darasa na mitihani, inayobaki ni tasnifu. Ulaya mara nyingi ni miaka mitatu au minne, na unatakiwa uwe na uzamili na pendekezo la utafiti tayari.

Maombi ya Marekani hufungwa kati ya Desemba na mwanzoni mwa Januari, majibu huja Februari na Machi, na mwisho wa kukubali nafasi kwa kawaida ni 15 Aprili. Kwa hiyo mwezi Agosti chagua idara nane hadi kumi, ukiangalia nani anafundisha nadharia rasmi ya siasa (siasa kwa modeli za hisabati), si jina la chuo. Septemba omba nakala za matokeo, maana ofisi za usajili hazikimbii. Septemba hiyohiyo waombe walimu watatu barua za mapendekezo, mmoja wao awe wa hisabati, na umpe kila mmoja makala yako pamoja na orodha ya tarehe. Barua inayosema "ni kijana mwenye bidii na nidhamu" haina uzito wowote. Inayosema "alithibitisha jambo hili peke yake, akapata wa kwanza katika darasa la watu 60" inafungua mlango. Mwalimu hawezi kuandika ya pili kama hukumpa cha kuandikia. Ada ya maombi ikikushinda, andikia idara kuomba msamaha wa ada kabla ya kujaza fomu. Wengi hutoa, lakini hawatoi baada ya kulipwa.

Kwenye barua yako ya malengo, acha simulizi za utotoni. Eleza modeli yako ya mfongo kwa aya mbili, sema imekwama wapi, na taja nani pale anaweza kuikwamua.

Kazi na makala

Ukirudi, ngazi za chuo ni mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Matangazo mengi ya nafasi ya mkufunzi msaidizi hudai GPA isiyopungua 3.8 kwa 5 katika shahada ya kwanza, na ya mhadhiri msaidizi hudai 4.0 katika uzamili. Linda namba hizo tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu uzamivu wa nje hauzifuti. Kupanda baada ya hapo kunategemea machapisho.

Majarida makubwa ya fani, kama American Political Science Review, hukataa zaidi ya makala tisa kati ya kumi. Kabla ya kutuma, mpe makala mtu wa hisabati akague thibitisho na mtu wa siasa akague swali. Ni nadra mmoja kuyaona yote mawili. Wahakiki wa modeli hulalamikia mambo yaleyale: tokeo linatokana moja kwa moja na dhana, mfano halisi umebandikwa mwishoni kama stika kwenye daladala, au tokeo lilishathibitishwa na mwingine chini ya jina tofauti. La tatu huepukika kwa wiki mbili za kusoma kabla ya kuandika.

Ukirudishiwa makala ili uirekebishe, andika jibu kwa kila hoja, nambari kwa nambari, ukinakili maneno ya mhakiki kisha ukionyesha ukurasa uliobadilisha. Hoja usiyokubaliana nayo ijibu kwa uthibitisho au kwa mfano unaoipinga, na uiweke kwenye makala pia, kwa sababu kilichomchanganya mhakiki mmoja kitamchanganya msomaji. Ukikataliwa, rekebisha kwa wiki tatu na utume jarida linalofuata. Makala ikikaa kwenye droo mwaka mzima, mwingine atathibitisha jambo hilohilo, na jina litakalobaki kwenye theoremu litakuwa lake.